Ndoto ya urubani: Piga hesabu ya baada ya leseni kabla hujalipa ada

MATOKEO ya KCSE yakitangazwa, hakukosi mwanafunzi anayebebwa juu juu na jamaa zake huku wanahabari wakimuuliza anataka kuwa nani. Majibu tunayajua kwa moyo: daktari, mhandisi, wakili, rubani.

Pengine wewe pia ulisema rubani. Pengine bado unasema, na hakuna wa kukulaumu. Simama kando ya Barabara ya Lang'ata karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi yoyote yenye anga safi. Utaona vijana wa rika lako wamevaa mashati meupe yenye mistari mabegani, wakipaa kwa ndege ndogo aina ya Cessna juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Kwa anayewatazama kutoka kwenye dirisha la matatu, hao wameshatoboa maisha.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wengi wa vijana unaowaona hapo bado hawajalipwa hata shilingi moja kwa kazi ya urubani. Kila dakika wanayokaa angani inalipiwa na mzazi, mjomba, benki au ploti iliyouzwa kule mashambani.

Makala haya hayakuja kukuzimia ndoto. Yamekuja kukuonyesha kipande cha safari ambacho hakipo kwenye mabango ya shule za urubani: ile miaka kati ya siku unayopewa leseni na siku unayoanza kulipwa donge nono ambalo kila mtu mtaani anadhani tayari unalipwa. Ukihesabu ada ya shule peke yake, umehesabu nusu ya safari.

Ngazi ina vidato vitatu

Tuanze na ngazi yenyewe, maana wengi hulipa ada kabla ya kuielewa.

Kidato cha kwanza ni leseni ya rubani wa binafsi, PPL. Unaruhusiwa kuipata ukifikisha miaka 17, na unahitaji angalau saa 40 za kuruka. Leseni hii hukuwezesha kurusha ndege ndogo, hata kumbeba rafiki au ndugu, lakini sheria haikuruhusu kulipwa kwa kazi hiyo.

Kidato cha pili ni leseni ya rubani wa biashara, CPL. Umri ni kuanzia miaka 18 na saa zinazohitajika ni 200, ingawa anayesoma kozi moja mfululizo katika shule iliyoidhinishwa anaweza kukubaliwa akiwa na 150. Hapa ndipo unapata ruhusa ya kulipwa. Ruhusa ya kulipwa, kumbuka. Kulipwa kwenyewe ni habari nyingine.

Kidato cha tatu ni ATPL, leseni ya juu kabisa, anayohitaji kapteni wa ndege kubwa za abiria. Lazima uwe na miaka 21 au zaidi na saa zisizopungua 1,500.

Zitazame tena nambari hizo: 200 na 1,500. Katikati yake kuna saa 1,300. Shule itakufikisha kwenye 200, ikupige picha ukiwa na cheti, ikupe mkono wa kwaheri. Saa 1,300 zilizobaki unazitafuta kazini, na kazi nyingi zinataka uje ukiwa tayari na mamia ya saa. Hapo ndipo mambo huchacha.

Kalamu na karatasi

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, kwa sababu kila shule ina bei yake na bei hupanda mafuta yakipanda.

Tuseme saa moja ya ndege ya mafunzo pamoja na mwalimu ni Sh15,000. Zidisha kwa saa 200. Hiyo ni Sh3 milioni, kabla hujaongeza masomo ya darasani, mitihani, uchunguzi wa afya, vitabu, nauli na chakula cha muda wote huo.

Sasa tuseme familia haikuwa na hela taslimu, ikachukua mkopo wa hizo Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, hatimiliki ya shamba ikiwa dhamana. Riba pekee ni Sh420,000 kwa mwaka, yaani Sh35,000 kila mwezi. Hapo deni lenyewe halijapungua hata ndururu.

Umemaliza shule, una CPL. Tuseme umepata bahati, kampuni ndogo imekuajiri kwa Sh90,000 kwa mwezi. Mtaani hiyo inasikika kama pesa nzuri. Ondoa kodi ya mapato, makato ya NSSF, ya bima ya afya ya SHIF na ya nyumba. Unabaki na kama Sh65,000. Ondoa riba ya Sh35,000. Umebakiwa na Sh30,000 za kulipa nyumba Nairobi, kula, kusafiri, na kuonekana nadhifu kazini kama rubani. Na mama yako bado anasubiri umsaidie kumlipia mdogo wako karo, kwa sababu kijiji kizima kinajua kwamba mtoto wake anaendesha ndege.

Huo ni mfano wa aliyepata kazi. Ambaye hajapata anakula hasara mara mbili. Miaka miwili ya kusubiri ni Sh840,000 za riba. Na wakati huo leseni inataka kulishwa ili isife. Cheti cha afya cha daraja la kwanza huhitaji kufanywa upya kila mwaka. Idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani bila kuona nje, nayo huhitaji mtihani wa mara kwa mara. Ili ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Yote hayo ni pesa zinazotoka mfukoni mwa mtu asiye na mshahara.

Ndiyo maana utakutana na vijana wenye CPL wanaouza bima, wanaoendesha teksi za programu ya simu au wanaosimamia duka la mzazi. Leseni wanayo. Walichokosa ni pesa za kuvuka kile kipindi cha katikati.

Mbona waajiri wanataka saa nyingi?

Ni rahisi kudhani waajiri ni wabaguzi au wanataka kitu kidogo. Hilo halikosekani katika kazi yoyote nchini, lakini sababu kubwa huwa ni bima.

Kampuni nyingi za Wilson ni ndogo. Ndege moja mpya aina ya Cessna Caravan, ile yenye injini moja inayopeleka watalii Maasai Mara, hugharimu zaidi ya dola milioni 2. Kampuni ya bima ndiyo itakayolipa ikianguka, kwa hivyo hiyo ndiyo husema rubani awe na saa ngapi kabla ya kukabidhiwa. Mwajiri anaweza kukupenda, akapenda nidhamu yako na alama zako, lakini mwenye bima akisema saa 500 au 1,000, mazungumzo yameisha.

Sababu ya pili ni idadi ya viti. Kenya Airways, shirika kubwa kuliko yote nchini, lilikuwa na marubani karibu 400 wakati wa mgomo wa Novemba 2022. Hao hawaondoki kila mwaka ili wakupishe. Katika safari za kimataifa rubani wa ndege kubwa anaweza kuendelea hadi miaka 65. Kiti hupatikana mtu akistaafu, akihamia ng'ambo, au shirika likiongeza ndege.

Na shirika linapoyumba, foleni hugeuka nyuma. JetLink, iliyokuwa mojawapo ya kampuni kubwa za safari za humu nchini, ilisimamisha huduma Novemba 2012. Machi 2020 korona ilisimamisha safari za kimataifa za abiria. Za ndani zilirejea Julai 15 na za kimataifa Agosti 1 mwaka huo. Kila dhoruba kama hiyo huwatupa sokoni marubani wenye saa 3,000 au 5,000, ambao huja kupiga foleni mlango uleule unaobisha wewe mwenye saa 200.

Mwajiri anapoona foleni ndefu nje ya mlango wake, haoni sababu ya kuongeza mshahara. Mwenye njaa hana nguvu ya kujadili bei ya ugali.

Kazi za kwanza ziko wapi?

Ziko, ila si zile unazoziona kwenye Instagram.

Ya kwanza ni ualimu. Unaongeza idhini ya kufundisha, kisha unarudi shule uliyosomea na kukaa kiti cha kulia cha Cessna ukiwafunza wengine. Saa zinaingia kwenye daftari lako kwa haraka kuliko kwingine, na mwanafunzi ndiye anayelipia mafuta. Malipo aghalabu ni kwa kila saa ya kuruka. Mvua ikinyesha wiki nzima, au ndege ikiwa gereji, hakuna kitu.

Usiichukulie kazi hii kama ya mzaha. Machi 5, 2024, ndege ya mafunzo kutoka Wilson iligongana angani na ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44. Ndege kubwa ilirudi salama. Mwanafunzi na mwalimu wake waliangukia ndani ya Mbuga ya Nairobi na kufariki. Anga ya Wilson ina msongamano, na wanaojifunza hupita humohumo na wanaosafirisha abiria.

Ya pili ni safari za watalii: Mara, Amboseli, Samburu, Lamu. Hapa huanza kama rubani msaidizi kwenye Caravan, unapakia mizigo, unawafunga abiria mikanda, unafagia ndani ya ndege, na polepole unakabidhiwa usukani. Utajifunza kutua kwenye viwanja vya murram ambako pundamilia hawajui ratiba yako. Ni shule nzuri kuliko zote, lakini ina msimu. Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, utaruka hadi uchoke. Aprili na Mei, mvua ikimwagika na watalii wakipungua, saa hupungua na marupurupu hupungua nazo.

Ya tatu ni mizigo na misaada. Tangu Umoja wa Mataifa uanzishe operesheni kubwa ya kupeleka chakula Sudan mwaka 1989, Lokichoggio kule Turkana ilikuwa mahali ambapo marubani wengi walikusanyia saa. Leo ndege huenda Sudan Kusini na Somalia zikiwa na dawa, chakula na, kwa upande wa Somalia, miraa. Malipo ya huko huwa afadhali, na sababu unaijua. Mei 4, 2020, ndege ya mizigo ya kampuni ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa Bardale, Somalia. Watu 6 waliokuwemo walikufa. Ukiambiwa kuna kazi ya haraka inayolipa vizuri na haihitaji saa nyingi, uliza inaelekea wapi, na nani atailipa familia yako usiporudi.

Ya nne ni mpango wa mashirika makubwa wa kuwachukua vijana na kuwafunza yenyewe. Nafasi huja kwa nadra na wanaoomba ni wengi kupindukia. Ukipata, utatia saini bondi: shirika linalipia mafunzo, wewe unaahidi kulitumikia kwa miaka kadhaa. Ukiondoka mapema, unalipa. Ni mkataba wa haki kama umeusoma. Ni kitanzi kama uliutia saini kwa furaha bila kusoma.

Marekani nao walisota

Usidhani msoto huu ni wa Kenya pekee. Marekani, nchi yenye ndege nyingi kuliko yetu mara nyingi sana, ilipitia hapahapa.

Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air, iliyokuwa ikibeba abiria kwa niaba ya shirika kubwa la Continental, ilianguka karibu na mji wa Buffalo, jimbo la New York. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kuitikia vibaya onyo kwamba ndege ilikuwa imepunguza mwendo kupita kiasi. Hawakusema mshahara ndio uliosababisha ajali.

Lakini vikao vya uchunguzi viliwafungua Wamarekani macho. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa akiishi upande wa Seattle na alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili afike kituo chake cha kazi, Newark. Mshahara uliotajwa kikaoni ulikuwa karibu dola 16,000 kwa mwaka, ingawa kampuni ilisema baadaye kwamba ungeweza kuwa mkubwa kidogo. Abiria wakaanza kuuliza: huyu tunayemkabidhi roho zetu analala wapi, anakula nini, amepumzika?

Mwaka 2010 bunge lao likapitisha sheria, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria akatakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500. Zamani 250 zilitosha. Vijana wengi wakakata tamaa kwa sababu njia imekuwa ndefu. Miaka ikapita, wazee wakastaafu, korona ikawastaafisha wengine mapema, na kufikia 2022 kampuni ndogo zilikuwa zinalia kukosa marubani. Juni mwaka huo, kampuni ndogo zinazomilikiwa na American Airlines zilitangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza.

Funzo ni moja. Mshahara wa anayeanza ulipanda pale marubani walipoadimika. Haukupanda kwa sababu kazi ni ngumu, wala kwa sababu ada ilikuwa ghali.

Sasa utaelewa kwa nini ujihadhari na tangazo linalosema dunia inahitaji marubani. Ni kweli inawahitaji. Mwaka 2024 kampuni ya Boeing ilikadiria kwamba dunia itahitaji marubani wapya 674,000 katika miaka 20. Lakini nambari hiyo ni ya dunia nzima na ya miongo miwili. Shirika la Dubai au Doha halimtafuti mwenye saa 200 kutoka Wilson. Linamtafuta yule aliyeshavuka, mwenye maelfu ya saa kwenye ndege kubwa. Kwa kweli, marubani wa Kenya wenye uzoefu wamekuwa wakihamia mashirika ya Ghuba kwa miaka mingi. Uhaba upo juu ya ngazi. Msongamano upo chini, mahali utakapoanzia.

Juu kuna nini?

Ni haki pia uambiwe kwamba ukivuka, kuna maisha mazuri. Mshahara wa rubani hugawanyika: kuna msingi, kuna malipo ya kila saa ya kuruka, kuna posho ya kulala nje. Kila unapopanda kutoka ndege ndogo hadi kubwa, na kutoka kiti cha rubani msaidizi hadi cha kapteni, malipo hubadilika sana. Kapteni wa ndege kubwa ni miongoni mwa waajiriwa wanaolipwa vizuri zaidi nchini.

Irene Koki Mutungi alijiunga na Kenya Airways mwaka 1993, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani katika shirika hilo. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Hesabu katikati hapo: miaka 21. Ndiyo safari yenyewe.

Jua pia kwamba mashirika mengi hupanga marubani kwa foleni ya tarehe ya kuajiriwa. Aliyekutangulia kwa wiki moja anakutangulia kwenye ndege mpya, kwenye cheo, hata kwenye likizo ya Krismasi. Ukihama shirika, aghalabu unaanzia nyuma tena. Kwa hivyo kapteni wa miaka 45 ambaye kampuni yake imefungwa anaweza kujikuta nyuma ya kijana wa miaka 28.

Na hata juu si kwamba upepo hutulia. Mgomo wa marubani wa KQ ulioanza Novemba 5, 2022 ulikuwa na dai kubwa kuhusu michango ya shirika kwa mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Mahakama iliwaamuru warudi kazini. Machi 2025 KQ ilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni ya mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 10. Miezi sita iliyofuata ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni, Dreamliner tatu zikiwa zimeegeshwa kwa muda kwa kukosa injini. Ndege isiporuka, hakuna anayeajiri rubani wa kuirusha.

Angalau wa KQ wana chama chao, KALPA, cha kuwasemea. Wewe utakayeanza kwenye kampuni ya ndege mbili huenda ukajisemea mwenyewe.

Kabla hujalipa hata shilingi

Sasa tuseme umesoma hadi hapa na moyo bado unasema rubani. Vizuri. Fanya haya kwa mpangilio.

Anza na daktari. Uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza hufanywa na madaktari walioidhinishwa na KCAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege nchini. Ufanye kabla ya ada. Hakuna uchungu kama wa kugundua baada ya Sh2 milioni kwamba macho yako hayatofautishi rangi inavyotakiwa.

Pili, hakikisha shule imeidhinishwa na KCAA, kisha hesabu ndege zake zinazoruka, si zile zilizoegeshwa kwa urembo. Shule yenye wanafunzi 60 na ndege mbili nzima itakukalisha mwaka mzima ukinywa chai. Usilipe pesa zote kwa mkupuo hata ukipewa punguzo. Lipa kwa awamu, kulingana na saa ulizoruka.

Tatu, usiulize shule ina wahitimu wangapi. Uliza waliohitimu miaka miwili iliyopita wako wapi leo. Watafute wenyewe, wanunulie soda, wakueleze walilipwa nini mwanzo na walisubiri muda gani. Saa moja nao itakufaa kuliko siku ya maonyesho ya shule.

Nne, gawa bajeti mara mbili: ya kupata leseni, na ya kuiweka hai na kujilisha kwa miaka miwili baadaye. Kama pesa mlizo nazo zinatosha fungu la kwanza tu, hamjawa tayari. Ni heri uchelewe miaka mitatu ukifanya kazi nyingine na kuweka akiba. Urubani haukimbii, CPL unaweza kuipata hata ukiwa na miaka 27.

Tano, kuwa na kazi ya mkono wa pili, ikiwezekana humohumo kwenye sekta. Chuo cha East African School of Aviation kule Embakasi, kilicho chini ya KCAA, hufunza waongozaji ndege na mafundi wa ndege. Fundi wa ndege huajiriwa, hulipwa, na hukaa karibu na watu watakaokuajiri ukiwa rubani. Urushaji droni nao umewekewa kanuni tangu 2020 na unahitaji watu wenye vyeti.

Sita, mkataba wa kwanza usome kama mtu anayenunua shamba. Uliza: mshahara wa msingi ni kiasi gani nisiporuka kabisa? Bondi ni ya miaka mingapi, na inapungua kila mwaka au inabaki palepale? Nikipoteza leseni kwa ugonjwa, kuna bima? Akikuambia ulipe wewe ili upewe kiti, jua umegeuzwa mteja, hujaajiriwa.

Na kuna mambo mawili ambayo hata njaa haipaswi kukufanya ukubali. La kwanza ni kuandika saa ambazo hukuruka. Daftari la rubani ni kiapo, na siku ya dhoruba ndege haitakuuliza umeandika ngapi. La pili ni kupaa na mzigo uliozidi au ukiwa hujalala kwa sababu bosi amesema ukikataa wapo wengine. Ndiyo, wapo wengine. Lakini kiti hicho kikianguka, utakuwa wewe ndani yake.

Zungumza na wazazi mapema

Mwisho, kuna mazungumzo ambayo vijana wengi huyakwepa. Baba na mama wanapoweka hatimiliki mezani, mara nyingi wanaamini kwamba siku ya leseni ndiyo siku ya mshahara mkubwa. Wamesikia hivyo kwa jirani. Ukiwaacha waendelee kuamini, baada ya mwaka mmoja watakuona mvivu, au watadhani unakula pesa peke yako Nairobi.

Kwa hivyo keti nao wikendi hii. Wawekee ile karatasi ya hesabu mbele: ada, riba, miaka ya kusubiri, mshahara wa mwanzo, saa 1,300. Waambie wazi kwamba mwanao huenda akahitaji kusaidiwa hata baada ya kuvaa sare. Waulize: tukikosa kazi kwa miaka miwili, shamba litabaki?

Wakisema litabaki, na daktari amekupitisha, nenda Wilson ukaulize bei ya somo moja la majaribio, lile la nusu saa, kabla ya kujisajili kwa lolote. Wakisema halitabaki, basi jisajili kwanza kwa kazi itakayolipa somo hilo.